Folda Imeharibika, Majina Bado Yapo: Kuokoa Kumbukumbu za Parokia Kutoka Kwenye Flashi

Katika ofisi nyingi za parokia za ukanda wetu wa pwani, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini na kuendelea kuelekea Saadani, kumbukumbu za waamini hukaa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni kabati lenye vitabu vikubwa vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Mahali pa pili ni flashi ndogo iliyofungwa kamba pamoja na funguo za ofisi. Ndani yake mna orodha za wabatizwa zilizochapwa upya, majina ya watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, matangazo ya ndoa, hesabu za zaka, barua za paroko na picha za miaka kadhaa. Flashi hiyo husafiri kuliko kitabu chochote: asubuhi iko ofisini, mchana iko steshenari kwa ajili ya kuchapisha, jioni iko kwenye kompyuta ya nyumbani ya katibu. Kisha siku moja folda inakataa kufunguka. Mahali pa jina lake pana alama zisizosomeka, au kompyuta inatangaza kwamba folda imeharibika na haiwezi kusomwa, au inauliza kwa upole kama tungependa kuifomati flashi nzima.

Swali hilo la upole ndilo la kuogopwa kuliko yote. Folda iliyoharibika mara nyingi haijapoteza kilichomo. Kinachokipoteza ni yale yanayofanywa kwa haraka katika dakika kumi zinazofuata. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza kwa kirefu kinachotokea ndani ya flashi, na hatua za kuchukua kabla ya kukata tamaa.

Jambo hili si dogo kwa ofisi ya parokia. Kanuni ya 535 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, na kwamba katika kitabu cha ubatizo yaandikwe pia Kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima. Ndiyo sababu kijana aliyebatizwa Kiromo na sasa anataka kufunga ndoa Mwanza huombwa cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia ya asili: cheti hicho ndicho kinachoonyesha kama yuko huru kuoa. Katibu anayekiandaa huitegemea orodha iliyo kwenye kompyuta ili apate namba ya kitabu na ukurasa. Orodha ikitoweka, atapekua vitabu vya miaka mingi huku tarehe ya harusi ikikaribia. Na pale mipaka inapobadilika, kama ilivyokuwa mwaka 2025 Jimbo la Bagamoyo lilipoundwa kutokana na sehemu za Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, kazi ya kunakili na kuhamisha nyaraka huongezeka, na flashi hupita katika mikono mingi zaidi.

Folda ni faharasa

Wengi wetu huiwaza folda kama mfuko: mafaili yamo ndani yake, na mfuko ukichanika, yanamwagika. Sivyo ilivyo. Mfano ulio karibu zaidi ni faharasa ya kitabu cha ubatizo, yaani zile kurasa zenye majina kwa mpangilio wa alfabeti, kila jina na namba ya ukurasa wake. Faharasa ikiloa maji hadi isisomeke, hakuna mtoto hata mmoja aliyefutwa katika kitabu. Taarifa zake bado ziko katika ukurasa wa 112 au wa 240. Kilichopotea ni njia ya kuufikia ukurasa huo.

Flashi nyingi za kawaida hupangwa kwa utaratibu uitwao FAT32. Katika utaratibu huo nafasi yote ya flashi imegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo klasta, na kila klasta ina namba. Folda yenyewe ni faili la pekee lililojaa mistari mifupi ya baiti 32, na kila mstari unataja jina la faili, ukubwa wake, tarehe, na namba ya klasta ya kwanza ambamo faili hilo linaanzia. Faili likiwa refu kuliko klasta moja, kompyuta hutazama jedwali jingine lililo mwanzoni mwa flashi, ambalo humwambia msomaji: baada ya klasta hii nenda ile, kisha ile, hadi mwisho. Jedwali hilo huhifadhiwa katika nakala mbili, kwa kuwa waliolibuni walijua kwamba likiharibika bila mwenziwe, kila kitu hukwama. Utaratibu mpya zaidi, exFAT, unaotumika katika flashi kubwa, kwa kawaida huwa na nakala moja tu ya jedwali, jambo ambalo kwa maoni yetu ni hasara kwa mazingira yenye umeme wa kukatika-katika.

Sasa tuseme katibu anahifadhi orodha ya wabatizwa wa Pasaka, na kabla kompyuta haijamaliza kuandika, umeme unakatika au flashi inachomolewa. Data za orodha huenda zimeshafika kwenye klasta zake, lakini mstari wa folda umeandikwa nusu. Au klasta ile inayobeba folda yenyewe imeandikwa vibaya, na kompyuta inaposoma inakuta takataka mahali pa majina. Hapo ndipo tunapoona zile alama za ajabu, tarehe za miaka isiyokuwepo na ukubwa usiowezekana. Faharasa imeharibika, kurasa zipo.

Hata faili lililofutwa kwa makusudi haliondoki mara moja. Kompyuta huweka alama mahali pa herufi ya kwanza ya jina, na kuzitangaza klasta zake kuwa ni nafasi wazi. Maandishi yenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Hapo ndipo kanuni kuu inapotoka: flashi yenye shida isiandikwe kitu chochote. Isihifadhiwe faili jipya, isifomatiwe, isijaribiwe kwa kunakili picha moja ili kuona kama bado inafanya kazi. Kila baiti mpya inaweza kuwa inakaa juu ya jina la mtu.

Tatu zinazofanana kwa sura

Kabla ya kutafuta dawa ni lazima kutofautisha magonjwa, kwa maana yapo matatu yanayofanana sana kwa mtazamo wa kwanza.

La kwanza ndilo jepesi, na katika steshenari zetu ni la kila siku. Folda zote zimegeuka njia za mkato, kila moja ikiwa na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili, na zikifunguliwa hazina kitu. Hii ni kazi ya virusi. Mafaili hayakuharibika hata kidogo, yamefichwa tu. Dalili ya uhakika ni hesabu ya nafasi: tukitazama sifa za flashi na kuona kwamba gigabaiti 6 zimetumika ilhali machoni hakuna kitu, basi kitu kipo. Katika kompyuta yenye programu ya kuzuia virusi iliyo hai, fungua dirisha la amri na, kama flashi imepewa herufi E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha usubiri. Mafaili yatajitokeza. Virusi vingine hukusanya kila kitu ndani ya folda isiyo na jina, ambayo jina lake ni nafasi tupu. Katika hali hiyo mipangilio ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, pamoja na yale ya mfumo, yawekwe wazi ndipo folda hiyo ionekane. Nakili mafaili halisi pekee, na uziache njia za mkato zilipo. Anayebofya njia ya mkato anaihamisha shida kwenye kompyuta ya ofisi.

La pili ndilo ambalo tumekuwa tukilieleza, yaani faharasa iliyoharibika.

La tatu ni flashi yenyewe kufa. Kompyuta haioni chochote, au inaiona flashi lakini inasema haina nafasi hata baiti moja, au inapata moto mara tu inapochomekwa. Hapa programu haitasaidia, kwa sababu kilichoharibika ni kifaa. Hata hivyo, tusiharakishe kuizika. Hewa ya bahari ya Bagamoyo ina chumvi, na chumvi hula madini; meno ya shaba ya flashi iliyolala miezi kwenye droo karibu na dirisha huota kutu nyembamba ambayo jicho huipita. Kuyasafisha taratibu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kuyaacha yakauke kabisa, na kujaribu tundu jingine la USB au kompyuta nyingine, kumewahi kufufua flashi nyingi zilizodhaniwa kuwa zimekufa. Ikiwa kichwa chake kimepinda au kimevunjika, fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kukichomelea tena, kwa kuwa kumbukumbu zimo katika kipande cheusi cha ndani wala si katika kichwa. Zipo pia flashi zinazochoka na kujifunga zenyewe zisiandikwe tena, lakini zinasomeka. Hiyo ni bahati. Inakiliwe siku hiyohiyo.

Wapo pia wanaonunua flashi iliyoandikwa terabaiti moja kwa bei ya chai na vitumbua. Nyingi za aina hiyo zina gigabaiti chache tu na zimechezewa ili ziidanganye kompyuta. Faili la kwanza hadi nafasi halisi inapojaa huwa salama. Yanayofuata huandikwa hewani, na majina yake huonekana katika folda kana kwamba yapo. Kwa hasara ya namna hiyo hakuna uokoaji, maana hakuna kilichowahi kuhifadhiwa. Programu kama H2testw hupima flashi mpya kwa kuijaza na kuisoma tena, na tunaishauri kila ofisi ifanye hivyo kabla flashi haijapokea hata jina moja.

Kwanza nakala pacha

Turudi kwenye faharasa iliyoharibika. Watu wengi, na hata mafundi, huanza na programu ya Windows iitwayo chkdsk. Inafanya kazi, lakini ina tabia moja ambayo ni lazima ijulikane: inaponyoosha mambo, inaandika juu ya flashi hiyohiyo. Folda isiyoieleweka huikata, na vipande vya data visivyo na mwenyewe huviweka katika folda iitwayo FOUND.000, vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Ikikosea, hakuna kurudi nyuma.

Kwa hiyo hatua ya kwanza iwe kutengeneza nakala pacha, yaani faili moja kubwa linalobeba flashi nzima jinsi ilivyo, klasta kwa klasta, pamoja na sehemu zinazoonekana kuwa tupu. Flashi ya gigabaiti 16 itatoa faili la gigabaiti 16 hata kama orodha zetu zote hazizidi megabaiti 300, hivyo nafasi iandaliwe. Katika Linux programu ya GNU ddrescue ndiyo bora kwa kazi hii: husoma kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwa subira kwenye yale magumu, huku ikiandika ramani ya ilipofika ili umeme ukikatika iendelee badala ya kuanza upya. Kwa Windows zipo programu za bure zinazosoma flashi nzima na kuitia katika faili. Baada ya hapo flashi yenyewe iwekwe kando ndani ya bahasha yenye tarehe. Kazi yote inayobaki ifanywe juu ya nakala.

Juu ya nakala hiyo tunaanza na TestDisk, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Inaweza kulinganisha nakala mbili za jedwali na kutumia ile nzima, na inaweza kuorodhesha mafaili yaliyofutwa pamoja na majina yake. Ikifaulu, tunapata folda na majina kama yalivyokuwa, na kazi imekwisha kwa nusu saa.

Isipofaulu, tunamgeukia ndugu yake, PhotoRec, ambaye licha ya jina lake haokoi picha peke yake. Yeye haitazami faharasa kabisa. Anapita ukurasa kwa ukurasa akitafuta mwanzo wa mafaili, kwa sababu kila aina ya faili huanza kwa alama yake. Faili la PDF huanza kwa herufi %PDF. Mafaili ya kisasa ya Word na Excel huanza kwa herufi PK, kwa kuwa kwa ndani ni vifurushi vya ZIP, na herufi hizo ni za Phil Katz, Mmarekani aliyebuni ZIP. PhotoRec akiiona alama anaanza kukusanya, na akifika mwisho wa faili analiweka kando. Matokeo yake ni mengi na hayana mpangilio: mafaili mamia yenye majina ya namba, hakuna folda, picha za harusi zimechanganyika na barua za jimbo. Kazi ya kuyatambua moja baada ya jingine huchukua siku, na inafaa apewe mtu anayewafahamu waamini kuliko anayefahamu kompyuta. Jambo moja lisisahauliwe: yanayookolewa yahifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi iliyoharibika.

Faili la Excel lililookolewa likikataa kufunguka, bado lipo tumaini. Kwa kuwa ni kifurushi cha ZIP, mwisho wa jina lake ukibadilishwa kuwa .zip linaweza kufunguliwa kama kifurushi, na ndani yake mna faili liitwalo sharedStrings.xml ambamo maneno yote ya orodha yamehifadhiwa. Majina ya watoto, ya wazazi na ya wasimamizi yatakuwemo humo, ingawa hayatakuwa tena katika mistari yake. Si orodha kamili, lakini kwa anayekaa na kitabu cha karatasi mezani, ni msaada mkubwa.

Na kabla ya kazi hiyo yote, au wakati nakala pacha ikitengenezwa, ofisi ijiulize: faili hili limewahi kusafiri wapi? Huenda lilitumwa kwa barua pepe jimboni. Huenda katekista alitumiwa kwa WhatsApp majina ya watoto wa kigango chake. Huenda liko kwenye kompyuta ya steshenari, lilikofunguliwa siku ya kuchapisha vyeti. Uokoaji wa namna hii hauhitaji ufundi wowote, na mara nyingi huleta nakala ya miezi mitatu iliyopita ambayo inapunguza hasara kwa sehemu kubwa.

Kilichookolewa si lazima kiwe sahihi

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana ndipo pana hatari isiyopiga kelele. Faili linaweza kufunguka vizuri na bado likawa na kasoro. Linaweza kuwa toleo la zamani, kabla ya kuongezwa kwa wabatizwa wa mwaka jana. Linaweza kukosa mistari ya mwisho. Likifunguliwa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani, tarehe 4 Machi inaweza kuonekana kama 3/4, na anayechapa cheti akaandika 3 Aprili bila shaka yoyote moyoni mwake.

Kwa hiyo orodha iliyookolewa ilinganishwe na kitabu. Vitabu vya ubatizo huwa na namba zinazofuatana. Orodha ikianzia namba 1 na kuishia 1,460, basi iwe na mistari 1,460, na pengo lolote litafutwe kwenye karatasi. Kanuni ya 877 inataja yanayopaswa kuandikwa: jina la mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama walikuwepo, mahali na siku ya ubatizo, pamoja na mahali na siku ya kuzaliwa. Sehemu hizo ndizo za kukagua. Kitabu ndicho kumbukumbu, nayo orodha ya kompyuta ni msaidizi wake. Palipo na tofauti, kitabu ndicho kinachofuatwa.

Bagamoyo inaijua thamani ya kitabu cha namna hiyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni hapa mwaka 1868, waliwapokea watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Mtu wa aina hiyo hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumshuhudia. Jina lililoandikwa ndilo lililobaki kumsemea. Wamisionari hao walikuwa pia na desturi ya kutuma barua na taarifa Paris, makao makuu ya shirika lao, na ndiyo maana sehemu ya historia ya mji wetu inasomwa leo pia katika hifadhi yao ya Chevilly-Larue, Ufaransa. Nakala iliyokaa mbali na bahari haikuliwa na mchwa wa huku wala unyevu wa huku. Ofisi ya leo haihitaji meli kwa hilo. Diski moja katika kabati la parokia na nyingine nje ya parokia, zikiandikwa upya kila Ijumaa, zinatosha.

Ikibidi flashi ipelekwe kwa fundi, kuna la kuangalia. Kanuni ileile ya 535 inamtaka paroko ahakikishe kwamba vitabu vya parokia haviangukii mikononi mwa wasiohusika, na ni vigumu kuona kwa nini nakala yake ya kompyuta iwe na ulinzi hafifu kuliko kitabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inazihesabu taarifa za imani ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Fundi apewe nakala pacha badala ya flashi yenyewe inapowezekana, kazi ifanyike mbele ya mtu wa ofisi, na mwishoni kila kilichobaki kwenye kompyuta yake kifutwe. Makubaliano hayo yaandikwe, hata kama fundi ni mwanajumuiya.

Flashi iliyopata ajali isirudishwe kazini, hata ikionekana kupona. Ibaki ndani ya bahasha yake hadi mstari wa mwisho wa orodha uwe umelinganishwa na kitabu, kwa maana pengo linaweza kugunduliwa wiki ya tatu, na flashi hiyo ndiyo pekee yenye jibu. Kisha ifomatiwe kwa njia ndefu, ile inayoandika sifuri kila mahali, si ile ya haraka inayoifuta faharasa tu na kuziacha kurasa zote zikisomeka kwa yeyote atakayeiokota.